Thelathini na Nne Kati ya Hamsini

Tulimwita Mwalimu Sita, na hakuwahi kukataa. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, akilisaini kila asubuhi saa mbili kasorobo, na nadhani hapo ndipo mahali pekee lilipotumika.

Ofisi yetu ilifundisha Kiingereza kwa posta. Najua utacheka. Siku hizi kila mtu ana simu inayojua kila kitu, lakini nakuhakikishia bado wapo watu wanaotaka karatasi: madereva wa malori, wafagizi, mafundi, akina mama waliokatishwa shule na sasa watoto wameondoka, na wafungwa, ambao wao hawachagui. Tuliwatumia kitabu chenye masomo sita ya hatua ya kwanza. Mtu anafanya zoezi la somo, anatia kwenye bahasha, anatuma, tunasahihisha, tunarudisha. Kila somo lilikuwa na msahihishaji wake. Somo la Sita, la mwisho, lilikuwa lake yeye, na alikuwa amelisahihisha kwa miaka kumi na tisa bila kugusa jingine.

Somo lenyewe lilikuwa kiboko. Nusu yake ni maneno ya Kiingereza ambayo watu huyachanganya. Sisi neno kuazima linatutosha pande zote: nimeazima mwavuli kwako, nimekuazima mwavuli wangu, na hakuna anayegombana. Wao wana "borrow" kwa anayechukua na "lend" kwa anayetoa, na ukikosea inaonekana umegawa kitu ulichokuja kuomba. Wana "quite" na "quiet", herufi zilezile zimebadilishana viti tu, moja maana yake kiasi, nyingine maana yake kimya. Nusu ya pili ni sifa za kulinganisha. Sisi tuna "kuliko", tumemaliza. Refu kuliko, zuri kuliko, baya kuliko. Wao sifa fupi wanaibandika mkia, ndefu wanaitangulizia neno, na "good" na "bad" zinageuka sura mpaka huzitambui. Wanafunzi waliandika "more better" kwa moyo mweupe kabisa, mwaka baada ya mwaka, na Mwalimu Sita aliipigia mstari mwekundu bila hasira, mwaka baada ya mwaka.

Sasa sikiliza sheria ya ofisi, maana yote yalianzia hapo. Alama za kufaulu zilikuwa thelathini na tano kati ya hamsini. Aliyefaulu aligongewa muhuri, akapata cheti cha hatua ya kwanza, akahamia hatua ya pili, jengo jingine, wasahihishaji wengine. Aliyefeli alirudishiwa karatasi na fomu ya kurudia, na chini ya karatasi kulikuwa na kisanduku cha mistari minane ambacho msahihishaji alilazimika kukijaza kwa mkono, kwa Kiingereza chepesi, amweleze mtu wake amekosea wapi. Kwa maneno mengine, ukifaulu unapata muhuri. Ukifeli unapata barua.

Kazi yangu mimi ilikuwa kufungua bahasha, kuandika namba za wanafunzi kwenye rejesta, na kupeleka karatasi mezani kwa mhusika. Zikisharudi, nilitakiwa kujumlisha alama upya kabla ya kugonga muhuri. Nilijumlisha za wasahihishaji wote isipokuwa zake. Zake niliacha tangu mwaka wangu wa tatu pale, maana hakuwahi kukosea hata alama moja, na mimi nina watu saba nyumbani na miguu inayovimba. Nilipoona pa kupunguza kazi, nilipunguza. Lishike hilo, nitalirudia, na si kwa kujisifu.

Meza yake ilitazama ukuta. Alikuwa mwembamba, mkono wa kulia umetiwa mpira wa bahasha ili shati lisiguse wino, na alikandamiza kalamu kwa nguvu hivi kwamba ukigeuza karatasi ungeweza kusoma maandishi kwa kidole. Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi. Mwanawe wa pekee alifanya kazi mbali na alipiga simu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, dakika tatu, mtoto akilia kwa nyuma. Nilikwenda nyumbani kwake mara moja tu, alipougua mafua makali wiki nzima. Chumba safi, kitanda kimetandikwa, nusu mkate kwenye mfuko, na viti viwili. Kimoja alikikalia yeye, cha pili kilikuwa na vitabu. Aliponiona nimesimama akavihamisha vitabu sakafuni, kimoja kimoja, akifuta vumbi kwa kiganja, na nikajua hakuna aliyekikalia kile kiti kwa muda mrefu sana. Nilirudi kwangu ambako hata chooni napigiwa hodi, na kwa mara ya kwanza sikumkaripia mtu.

Sehemu ya mwisho ya Somo la Sita ilimtaka mwanafunzi atunge sentensi tano zake mwenyewe za kulinganisha. Karibu wote waliandika kitu kilekile: tembo ni mkubwa kuliko sisimizi. Huo ndio ulikuwa utani wetu. Akimaliza rundo la siku alinigeukia na kusema, "Dada, leo nina tembo kumi na moja." Nami namuuliza sisimizi wamefika salama. Hatukuwa na utani mwingine, na ule ulitutosha miaka kumi na minne.

Kisha ikaja karatasi ya namba 2208.

Kwenye fomu yake ya kujiunga alikuwa ameandika: mshonaji wa mashuka, hospitali, miaka hamsini na mbili. Alipata ishirini na mbili, yaani alifeli vizuri tu. "Borrow" na "lend" alikuwa amezigeuza, na kila mahali alipotaka kusema kimya aliandika kiasi. Lakini hakukuwa na tembo. Nakuwekea sentensi zake kwa Kiswahili, makosa nimeyaacha kule kwenye Kiingereza. Cherehani yangu ni kuukuu kuliko binti yangu, kama angekuwepo. Chumba cha kushonea ni kimya kuliko wodi. Shuka lililofunika maiti ni zito kuliko mengine, lakini wenzangu walisema ni maji tu. Dada yangu ni mdogo kuliko mimi na nyumba yake ni kubwa kuliko yangu. Mto wa upande wa pili wa kitanda changu ni safi kuliko mto wangu.

Siku hiyo Mwalimu Sita hakunihesabia tembo. Alikijaza kisanduku mistari yote minane, na ilipokwisha akageuza karatasi na kuendelea ukingoni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

Karatasi ya pili ya mshonaji ilipata ishirini na tisa. Ya tatu thelathini na tatu. Baada ya hapo ikawa inarudi kila wiki tatu hivi, na kila mara thelathini na nne, alama moja tu chini ya kufaulu. Niliandika namba hizo kwenye rejesta kwa mkono wangu mwenyewe.

"Jamani, huyu mshonaji wako kichwa kizito," nilimwambia siku moja.

"Si kizito," akajibu haraka. "Anakaribia."

Alikuwa amebadilika, na mimi si kipofu. Alianza kuchana nywele kabla ya posta ya saa nne. Aliniuliza "Kuna kitu, Dada?" hata kabla ya salamu. Nilimtania kwamba amepata mchumba wa stempu, akakunja uso, nikanyamaza. Nilizisoma barua zake, ndiyo, kwa sababu ndimi niliyefunga bahasha, na anayefunga bahasha bila kuchungulia bado hajazaliwa. Mistari minane ni michache, lakini mtu akibana herufi yanaingia mengi. Katikati ya maelezo ya "lose" ya kupoteza na "loose" ya kulegea alimwandikia habari za kile kiti chenye vitabu. Katikati ya "worse", yaani baya kuliko, alimwandikia kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi ni fupi kuliko Jumapili nyingine. Mshonaji naye, kwenye sentensi zake tano, alimjibu. Aliandika kwamba kiti kinachosubiri mtu ni afadhali kuliko kiti kilichokwisha kata tamaa. Nilifuta jicho, nikalamba gundi, nikafunga.

Hivyo ndivyo walivyoendelea kwa miezi mitano, na mimi nikaona ni jambo zuri. Nalisema wazi ili usidhani nilikuwa na akili kuliko mtu mwingine.

Ilipofika karatasi ya nane, ilikuwa Jumanne ya tarehe ishirini na tano, ndani ya bahasha kulikuwa na kipande kidogo cha karatasi, kimekunjwa peke yake na kuandikwa juu, kwa Kiswahili, "Kwa Ofisi". Cha ofisi ni cha kwangu, nikakifungua. Kilisema hivi:

"Kwa mhusika. Chumba cha kushonea kinafungwa mwisho wa mwezi huu, mashuka yatanunuliwa tayari. Wenzangu wameshaondoka. Kuna nafasi ya mtu wa dawati la mapokezi, na matroni amenishikia mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini na nane nikileta cheti cha hatua ya kwanza. Nikikosa sina pengine. Naomba mnieleze bado nakosea nini, maana mimi sioni tena."

Nilikisoma nimesimama. Nilimpelekea Mwalimu Sita karatasi ya zoezi kama kawaida, kipande nikakiweka mfukoni, nikaomba kimoyomoyo kwamba safari hii mama wa watu apite. Asubuhi ya Jumatano karatasi ikarudi mezani kwangu. Thelathini na nne.

Basi nikafanya jambo ambalo si halali, au nilidhani si halali. Nikasema nitatafuta alama moja. Moja tu! Mahali fulani pameandikwa vibaya, mahali pengine pana herufi inayosomeka huku na huku, nitamwendea Mwalimu nimpigie magoti. Nikachukua penseli nikaanza kujumlisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Ilitoka arobaini na sita.

Nikarudia. Arobaini na sita. Majibu yenye alama ya sahihi yalikuwa arobaini na sita, yeye mwenyewe kayapigia, kwa kalamu yake ileile inayochimba karatasi, halafu juu akaandika thelathini na nne. Nilinyanyuka na karatasi mkononi nikaenda kwenye ule ukuta.

"Mwalimu, hii hesabu ni ya nchi gani?"

Hakugeuka mara moja. Alivua miwani, akaikunja.

"Umejumlisha," akasema.

"Nimejumlisha."

"Wewe hujumlishi zangu."

"Leo nimejumlisha! Tangu lini, Mwalimu?"

Aliiweka miwani mezani. "Karatasi ya nne alipata thelathini na saba," akasema. "Nikajiambia, mara moja tu. Aniandikie mara moja zaidi, halafu nimwachie. Ya tano ikaja, nikajiambia vilevile."

"Na ya sita. Na ya saba."

"Na ya sita na ya saba."

Nikampa kile kipande. Alivaa miwani akasoma. Nilimwona anafika mwisho, anarudi juu, anashuka tena, na pale penye "mimi sioni tena" kidole chake kikasimama. Sijawahi kuona mtu mzima anapauka vile akiwa amekaa.

"Nimemfanya ajione mjinga," akasema.

"Umemfanya. Kisa? Si ungemwandikia barua tu! Stempu zimejaa hapa, bahasha zimejaa, anwani yake unayo. Mpe muhuri wake halafu mwandikie kama watu wanavyoandikiana!"

"Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, "mtu akishafaulu ana haja gani na barua yangu?"

Miaka kumi na tisa watu walimwandikia kwa sababu wamefeli. Waliofaulu hawakutazama nyuma hata mmoja. Na mimi niliyelipwa kujumlisha sikujumlisha, kwa hiyo yule mama aliibiwa na watu wawili, mmoja kwa upweke na mwingine kwa uvivu. Sijui lipi baya kuliko lingine. Nilijionea aibu na bado nilikuwa na hasira naye, vyote pamoja, nikabaki nimesimama kama niliyesahau nilichofuata.

Alichukua kalamu, akakata thelathini na nne, akaandika arobaini na sita na kutia sahihi pembeni. Halafu akavuta kile kisanduku cha chini. Karatasi ya aliyefaulu haijazwi kisanduku, yeye alikijaza. Alichukua nusu saa kwa mistari minane, mstari mmoja sentensi moja, na aliponikabidhi hakusema nisome wala nisisome. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

Umefaulu.
Ulifaulu tangu karatasi ya nne.
Niliziiba alama zako ili uendelee kuniandikia.
Wewe hukuwa na kosa lolote.
Kichwa chako ni kizuri kuliko changu.
Nilikuwa mpweke kuliko wewe.
Usinisamehe haraka.
Nakutakia kazi njema.

Meneja alisaini cheti jioni ileile bila kuuliza, maana meneja wetu husaini chochote kilichonyooka. Lakini posta ilichukua siku tano, na tulikuwa na mbili. Nikamwambia Mwalimu Sita aombe ruhusa akipeleke mwenyewe.

"Siendi," akasema. "Nikienda atanipa kiti. Sistahili kiti."

Basi nikaenda mimi, Alhamisi asubuhi. Chumba cha kushonea kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, ukipita mabomba ya mvuke. Meza sita za cherehani, tano zimefunikwa mifuko na kufungwa kamba tayari kubebwa. Kwenye ya sita alikaa mwanamke mnene kiasi, mvi mbele, pini zimepangwa kwenye ukosi wa gauni. Alikuwa anapinda shuka, na aliendelea kulipinda mpaka mwisho wa upindo ndipo akainua uso.

Nikajitambulisha natoka ofisi ya masomo, nikampa bahasha. Alitoa cheti kwanza. Alikishika kwa ncha za vidole asikichafue, akasoma jina lake, akakilaza juu ya shuka. Halafu akatoa karatasi ya zoezi, akatazama arobaini na sita, akashuka mpaka kwenye kisanduku. Alisoma akifuata kwa kidole. Nilijifanya natazama mabomba.

Kidole chake kilirudi kwenye mstari wa tatu.

"Wewe umesoma hii?" akaniuliza.

"Nimesoma, mama."

"Na zile za nyuma? Zangu na zake?"

"Mimi ndiye nafunga bahasha," nikasema, nikahisi masikio yananiwaka.

"Kumbe tulikuwa watatu," akasema. Hakucheka. Alikunja karatasi mara mbili na kuibana chini ya mguu wa cherehani. "Miezi hii nilikuwa nikifungua majibu yenu narudi kulala mchana. Najiambia, mama, kichwa chako kimekufa, acha kujisumbua. Nilitaka kuacha mara mbili. Sikurudia kwa ajili ya Kiingereza, nilirudia kwa ajili ya zile barua. Sasa naambiwa barua ndizo zilizonizuia."

Nikamwomba radhi kwa upande wangu, nikamweleza habari ya kujumlisha. Alinisikiliza akitoa pini moja moja kwenye ukosi na kuzitia kwenye kijaluba chake.

"Nimwambie nini?" nikauliza nilipofika mlangoni.

"Mwambie nimepokea."

"Na nini kingine?"

"Nimepokea. Inatosha."

Nilimfikishia Mwalimu Sita neno hilo kama lilivyo. Akaitikia kwa kichwa polepole na kuvuta karatasi iliyofuata.

Kuanzia siku hiyo kila karatasi aliyonikabidhi ilikuja na kijikaratasi chenye hesabu yake yote, mstari kwa mstari, na mimi nilizijumlisha zote, zake na za wengine, mpaka macho yakauma. Tembo walirudi. Hakuwahi tena kuniambia ni wangapi. Kwa wiki kadhaa aliendelea kuuliza, "Kuna kitu, Dada?" nami najibu, "Leo hakuna, Mwalimu." Halafu siku moja posta ikaja na hakuuliza. Siku ya pili hakuuliza. Nilisubiri aulize, sikupata kuamini ningeweza kulitamani swali lile, na nilipoona wiki nzima imepita nilikwenda stoo nikalia kidogo kati ya makasha ya bahasha.

Nilimkaribisha kwangu Jumapili. Alikuja na mkate mzima. Wajukuu wakampanda, wifi yangu akamwuliza maswali kumi bila kungoja majibu, redio inapiga, mtu anagombana na mtu kuhusu ndoo. Alikaa dakika ishirini na tano akitabasamu, akashukuru sana, akaondoka. Nilimsindikiza mpaka barabarani na kumwangalia akienda, na niliona wazi kwamba kelele zangu hazikumfaa kitu. Aliyekuwa anamkosa alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo hatukuweza kumbadilisha na watu saba.

Miezi mitatu ilikwisha. Kwenye posta ya Jumatatu moja nikakuta bahasha isiyo na namba ya mwanafunzi. Juu pameandikwa tu, "Mwalimu wa Somo la Sita". Nyuma, mahali pa anayetuma, pameandikwa "Dawati la Mapokezi" na jina la hospitali. Nilitazama gundi. Nilitazama kisu changu cha kufungulia. Kisha nikaenda nayo kwake ikiwa imefungwa vilevile, na naomba uniandikie hilo kwenye mema yangu, maana ni machache.

Aliiweka mezani, akavuta mpira wa mkononi ukamrudia kwa kishindo kidogo. Akafungua. Ilikuwa karatasi ileile, yenye arobaini na sita yake na alama za kukunjwa mara mbili. Lakini chini, kwenye kisanduku, maneno ya Mwalimu Sita yalikuwa yamesahihishwa. Kwa kalamu nyekundu.

Alisoma kwa muda mrefu, halafu, bila kunitazama, akanisogezea.

"Umefaulu", sahihi. "Ulifaulu tangu karatasi ya nne", sahihi. "Niliziiba alama zako", sahihi, na mstari mzito chini yake. "Wewe hukuwa na kosa lolote", sahihi. "Kichwa chako ni kizuri kuliko changu", alama ya kuuliza. Kwenye "Usinisamehe haraka" alikuwa ameandika "Sina haraka". Kazi njema ilipata sahihi. Na ule mstari wa sita, "Nilikuwa mpweke kuliko wewe", ulipigwa alama kubwa ya mkasi, na ukingoni, kwa herufi zilizobanwa ili zienee, aliandika: "Kosa. Umejuaje? Hukuwahi kuuliza. Eleza vizuri na utoe mifano."

Chini kabisa alikuwa amejumlisha. Thelathini na nne kati ya hamsini. Na neno moja: "Umefeli."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umeshuka, ameliona lile neno la mwisho na amelipokea kama mtu aliyekuwa akilingojea. Miaka kumi na tisa anawaandikia wengine, na lilipomfikia yeye alisahau maana yake! Ningeweza kumtikisa mabega.

"Mwalimu," nikamwambia, "hapa ofisini, aliyefeli anafanya nini?"

Akaitazama tena karatasi, juu mpaka chini. Halafu akaanza kutafuta miwani, nayo anayo usoni.

"Zile fomu za kurudia," akasema, "bado tunazo?"

Nikavuta droo, nikampa moja. Aliilaza mbele yake na kuinyoosha kwa kiganja, kwa uangalifu, kama alivyofuta vile vitabu siku ile. Akachukua kalamu, akaiweka, akaninyooshea mkono tena.

"Nipe na ya akiba, Dada," akasema. "Somo hili ni gumu."